Barua 60,000 kwa Dakika 10

Seva ya barua pepe ikishajibu 250, imejifunga. Namba hiyo, iliyomo katika waraka wa Jon Postel wa Agosti 1982 uitwao RFC 821, maana yake ni kwamba barua imepokelewa na kuanzia sasa dhamana ni ya aliyeipokea. Aliyetuma yuko huru kufuta nakala yake. Umeme ukikatika sekunde inayofuata, au programu ikianguka, barua hiyo haipo mahali pengine popote isipokuwa kwenye seva iliyosema 250. Ndiyo maana seva iliyotengenezwa vizuri haifungui mdomo kabla ya kuandika barua kwenye diski na kuhakikisha kwamba imeandikwa kweli.

Naanza na namba hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu foleni za barua huanzia mahali pasipostahili. Mtu anakuta foleni imefika barua 40,000, anashikwa na hofu, anaanza kutafuta amri ya kuifuta au ya kuisukuma. Anasahau kwamba kila barua iliyomo humo ni deni ambalo seva yake ililikubali yenyewe muda mfupi uliopita, bila kulazimishwa na mtu. Kabla ya kuuliza zitatokaje, ni lazima aulize zilikubaliwaje.

Barua za mkupuo huingia kwa njia nyingi, na nyingi kati ya hizo ni halali kabisa. Idara ya rasilimali watu inatuma hati za mishahara kwa wafanyakazi wote siku moja. Chuo kinatangaza kwamba matokeo yametoka. Jarida la wiki la shirika fulani linawafikia watumishi 3,000 wa taasisi moja kwa wakati mmoja. Mfumo wa kufuatilia mitambo unaona swichi moja imezimika, na kwa kuwa hakuna aliyeuambia utulie, unatuma tahadhari ileile kila sekunde hadi mtu aamke. Juu ya hayo kuna barua taka, ambazo hazina msimu. Seva haitofautishi. Kwake yote ni miunganisho inayoomba kupokelewa.

Tufanye hesabu ya taasisi ya kawaida. Kila barua inayoingia inapita kwenye kichujio: ClamAV inatafuta virusi, SpamAssassin inapima kama ni taka. Tuseme kazi hiyo inachukua sekunde 2 kwa barua moja, na kichujio kina wafanyakazi 10 wanaofanya kazi sambamba. Hapo uwezo wa seva ni barua 5 kwa sekunde, yaani 300 kwa dakika, na kwa siku za kawaida hizo ni nyingi kuliko mahitaji. Sasa ziingie barua 60,000 ndani ya dakika 10. Katika dakika hizo zitakuwa zimetoka 3,000. Zilizobaki ni 57,000, na kwa kasi ya 5 kwa sekunde zitamalizika baada ya sekunde 11,400, ambazo ni saa 3 na dakika 10, iwapo hakuna barua nyingine hata moja itakayoingia katikati.

Nyingine zitaingia. Miongoni mwake kuna jibu la maabara ambalo daktari analisubiri. Kuna ankara ambayo mhasibu lazima ailipe leo, na barua ya mwanafunzi anayeomba ufadhili unaofungwa saa sita usiku. Hizo ndizo zinazonihusu katika sura hii. Tangazo la matokeo likichelewa saa tatu, hakuna atakayeumia sana. Barua moja ya mtu mmoja ikisimama nyuma ya matangazo 57,000, aliyeituma hajui na aliyekuwa akiisubiri hajui, na wote wawili watalaumiana kabla hawajailaumu seva.

Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wake kuhusu simu zinazopigwa kupitia kituo kimoja. Kutokana na kazi yake kukakua tawi zima la hesabu za foleni, na tawi hilo lina jambo moja ambalo kila msimamizi wa seva angepaswa kulijua kwa kichwa: foleni haikui sawasawa na mzigo. Kwa mhudumu mmoja na wateja wanaofika bila mpangilio, mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, kwa wastani kuna mteja 1 tu katika mfumo. Akiwa na kazi kwa asilimia 90, wanakuwa 9. Akifika asilimia 99, wanakuwa 99. Kutoka 90 hadi 99 mzigo umeongezeka kidogo sana, ila kusubiri kumekuwa kurefu mara kumi na zaidi. Kwa hiyo msimamizi anayeona seva yake inatumia asilimia 90 ya uwezo na kusema bado kuna nafasi, anasoma namba vibaya. Na Erlang alihesabu wateja wanaofika bila kupangana. Barua za mkupuo zimepangana: zote zinafika pamoja kwa sababu kuna mtu aliyebonyeza kitufe kimoja.

Ili kuona msongamano unatokea wapi hasa, tuingie ndani ya seva moja. Nitatumia Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa katika maabara za IBM na kutolewa kwa umma mwishoni mwa 1998, kwa sababu ndiyo inayoendesha barua za taasisi nyingi na kwa sababu mambo yake ya ndani yameandikwa kwa uwazi usio wa kawaida. Barua ikiingia, huandikwa kwanza katika saraka iitwayo incoming. Kutoka hapo msimamizi wa foleni, programu ndogo iitwayo qmgr, huihamishia active, ambako kazi ya kuifikisha hufanyika. Ikishindikana kwa muda, huwekwa deferred isubiri kujaribiwa tena. Kuna pia hold, ambako barua hukaa bila kuguswa hadi binadamu aseme.

Active ina ukubwa maalumu: kwa kawaida barua 20,000, basi. Venema aliiwekea mpaka ili qmgr isije ikameza kumbukumbu yote ya kompyuta siku ya balaa. Lakini mpaka huo una matokeo ambayo wengi hawayaoni mpaka wakutane nayo. Barua za mkupuo zikijaza active yote zikisubiri kichujio, hakuna barua nyingine inayoweza kuingia humo, hata ile isiyohitaji kichujio kabisa. Barua ya mhasibu inayokwenda nje ya taasisi, ambayo ingeondoka kwa sekunde moja, inakaa incoming ikingoja nafasi, ingawa njia yake ni nyeupe.

Postfix inajitahidi kutenda haki. Patrik Rak aliiandikia mpangaji wa zamu anayeruhusu barua yenye wapokeaji wachache kupenya mbele ya barua yenye wapokeaji 10,000, ili mkubwa asimzibie mdogo. Ni kazi nzuri, na kwa orodha za zamani za barua ilitosha. Matangazo ya leo hayaji hivyo. Mfumo wa mishahara unaandika barua 60,000 tofauti, kila moja ina jina la mtu na mpokeaji mmoja. Mpangaji anatazama, anaona barua ndogo 60,000 zinazofanana na ya daktari, na hana namna ya kujua kwamba zote zimezaliwa na kitufe kimoja. Haki iliyojengwa ndani ya programu inaishia hapo. Kutoka hapo ni kazi ya msimamizi.

Chombo cha kwanza cha kushika ni qshape. Wengi hukimbilia mailq, ambayo huorodhesha barua moja moja. Kwenye foleni ya barua 57,000 inachukua muda mrefu, inaichosha diski ambayo tayari imechoka, na mwishoni inakupa maandishi yasiyosomeka. qshape inatoa jedwali. Kila mstari ni kikoa cha wapokeaji, na kila safu ni umri wa barua kwa dakika: 5, 10, 20, 40, 80 na kuendelea, kila safu mara mbili ya iliyotangulia hadi 1280 na zaidi. Ukiiandika bila kuongeza neno, inasoma incoming na active. Ukiongeza -s, inapanga kwa kikoa cha mtumaji.

Kusoma jedwali hilo ni ustadi unaofaa kujifunza siku ya amani. Idadi kubwa ikiwa kwenye safu za dakika 5 na 10 na safu nyingine tupu, mkupuo ndio umefika sasa hivi, bado unaweza kumpata aliyeutuma akiwa mezani kwake. Idadi ikiwa imetawanyika sawasawa kuanzia 5 hadi 320, huna mkupuo; una kichujio au diski iliyopungua kasi tangu saa kadhaa zilizopita, na barua zinazoingia ni za kawaida. Safu za katikati zikiwa zimevimba huku za mwanzo zikiwa tupu, dhoruba imepita na foleni inajimaliza. Hapo usiguse kitu. Kisha tazama kwa -s. Kikoa kimoja cha mtumaji kikiwa na 56,000 kati ya 57,000, umempata. Ukikuta watumaji wengi mno, kila mmoja na barua chache, hiyo ni taka, na dawa yake ni nyingine.

Yapo mambo ambayo watu huyafanya wakati huu na yote yanazidisha tatizo. La kwanza ni postqueue -f, amri inayoilazimisha seva ijaribu tena kila barua iliyoahirishwa. Seva iliyozidiwa na kazi inaongezewa kazi, na barua ambazo zilikuwa zimekaa kando zikisubiri zamu zinarudi kugombania nafasi zilezile 20,000. La pili ni kuizima na kuiwasha Postfix. Ikiwaka, kila kilichokuwa active kinarudishwa incoming na kupangwa upya, na yale ambayo qmgr ilikuwa imeshajifunza kuhusu njia zilizokufa yanapotea. La tatu ni kupandisha wafanyakazi wa kichujio kutoka 10 hadi 100 kwa pigo moja. Kila mfanyakazi wa SpamAssassin hula makumi ya megabaiti za kumbukumbu; kumbukumbu ikiisha kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na barua iliyokuwa ikichukua sekunde 2 sasa inachukua 40. La nne, baya kuliko yote, ni kufuta foleni yote kwa amri moja. Humo ndani kuna ile ya daktari, na aliyeituma alishaambiwa 250.

Cha kufanya ni kuziweka kando barua za mkupuo. Ukishamjua mtumaji wa mkupuo, chukua namba za barua zake kwenye foleni uzipeleke hold kwa postsuper -h. Active inafunguka, barua za watu wengine zinapita, na ahadi haijavunjwa: barua za mkupuo zipo, salama, zinasubiri. Jioni au usiku zirudishe kwa mafungu ya elfu moja moja au mbili mbili. Hapa kuna tahadhari ambayo wengi huikosa. Barua iliyokaa hold inaendelea kuhesabiwa umri, na Postfix huirudisha kwa mtumaji barua iliyoshindikana ikiwa na umri wa siku 5. Kama uliziweka kando Ijumaa na kuzikumbuka Jumatano, usizitoe kwa -H. Zitoe kwa -r, ambayo huziingiza foleni upya kana kwamba ndiyo kwanza zimefika.

Hayo ni ya siku ya ajali. Ulinzi wenyewe uko kabla ya 250, na hapa lazima tutofautishe aina mbili za kukataa. Jibu linaloanza na 5 ni kukataa moja kwa moja: barua haitapokelewa, usirudi. Jibu linaloanza na 4 ni kuomba subira: sasa siwezi, jaribu baadaye. Wasimamizi wengi wanaogopa 4 wakidhani barua itapotea. Haipotei. Itifaki inamtaka mtumaji aitunze kwenye diski yake mwenyewe, ajaribu tena baada ya angalau dakika 30, na asikate tamaa hadi siku 4 au 5 zipite. Ukisema 450 kwa wakati unaofaa, foleni haijafutika. Imehamia kwa mwenye mkupuo, na ndiye anayestahili kuibeba.

Afrika Mashariki ilipata ushahidi wa utaratibu huu Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba ukanda mzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Barua pepe iliyokuwa ikienda kwenye seva iliyoko Dar es Salaam kutoka Ulaya, ikishindwa kufika, ilibaki kwenye foleni ya seva ya huko huko ikijaribiwa tena na tena. Mtandao uliporudi haikuhitajika mtu kuituma upya. Wasichokizingatia wengi ni kinachofuata baada ya kurudi. Seva ya Postfix yenye mipangilio ya kawaida haikai zaidi ya sekunde 4,000 kati ya jaribio na jaribio, yaani dakika 66 na kitu. Kwa hiyo ndani ya saa moja na dakika chache baada ya mawasiliano kutengemaa, kila seva ya aina hiyo duniani iliyokuwa imekushikia barua itakuwa imeshakuja. Huo nao ni mkupuo, wa halali kabisa, na kila aliyewahi kuendesha seva mahali penye umeme wa kukatika anaujua: dakika za kwanza baada ya kurudi ndizo ngumu. Seva inayojua kusema 4 itazipita. Inayosema 250 kwa kila anayekuja itazama kwa barua halali.

Postfix ina breki yake ya ndani. Programu inayoandika barua mpya kwenye diski huomba kibali kwa qmgr, na qmgr ikiwa imebanwa na kibali hakipo, inasubiri sekunde 1 kabla ya kuandika. Mpangilio huo unaitwa in_flow_delay. Mtumaji mmoja mwenye muunganisho mmoja anashikwa nao vizuri: hawezi kuizidi kasi ya kutoka kwa zaidi ya barua 1 kwa sekunde. Lakini seva yenye mipangilio ya kawaida hukubali miunganisho 100 kwa pamoja. Ikijaa yote, kasi ya kuingia inaweza kuizidi kasi ya kutoka kwa tofauti ya barua 100 kila sekunde, na hapo ndipo zilipotoka zile 60,000 za dakika 10. Sikuziokota hewani. Hicho ndicho kiasi ambacho seva isiyoguswa inaweza kujirundikia huku breki yake ikifanya kazi ipasavyo.

Jambo linalofuata ni kichujio kikae wapi. Kama kinafanya kazi baada ya 250, mapokezi yanakwenda mbio na uchunguzi unatambaa. Ni zahanati inayoandikisha wagonjwa 300 asubuhi ilhali daktari ni mmoja, na kila mwenye kadi mkononi anaamini atatibiwa leo. Kama kinafanya kazi kabla ya 250, barua mbaya inakataliwa mtumaji akiwa bado kwenye mstari, na kichujio kikizidiwa, mtumaji anasikia 4 na kuondoka na barua yake. Gharama yake ni kwamba muunganisho unabaki wazi wakati barua inachunguzwa, na miunganisho 100 huisha haraka. Taasisi kubwa zenye mashine nyingi zinaweza kumudu njia ya kwanza. Kwa taasisi yenye seva moja au mbili, mimi nasema bila kusita: chuja kabla ya kupokea. Afadhali seva ionekane nzito kwa dakika 10 kuliko iwe nyepesi kwa dakika 10 na mdaiwa kwa saa 3.

Mpokeaji asiyekuwepo akataliwe hapo hapo pia. Seva inayopokea barua za kila anwani ya kikoa chake, kisha ikagundua ndani kwamba hakuna mtu wa jina hilo, inalazimika kuandika barua ya taarifa kwa mtumaji. Kwa barua taka jina la mtumaji ni la uongo. Taarifa hiyo inakwenda kwa mtu asiyehusika, au haiendi popote na kukaa deferred siku 5. Nimeona foleni ambazo zaidi ya nusu yake ni taarifa za namna hii, zote zimetoka kwa MAILER-DAEMON, zote hazina pa kwenda. Mara nyingi chanzo ni seva ya akiba iliyosimikwa miaka mingi nyuma bila kupewa orodha ya wafanyakazi. Kukataa kwa 550 wakati jina la mpokeaji linapotajwa, kabla hata mwili wa barua haujatumwa, kunaondoa mzigo huo wote.

Kuhusu taka sitakaa sana, kwa kuwa dawa zake zinajulikana. Orodha za anwani za IP zenye sifa mbaya zipo tangu Paul Vixie alipoanzisha ya kwanza mwaka 1997, na Spamhaus tangu 1998. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2011, Postfix ina postscreen, inayokaa mbele na kuwachuja wanaobisha hodi kabla hawajatumia nafasi yoyote kati ya zile 100. Pia, nafasi zikijaa, seva hujigeuza yenyewe: muda wa kumsubiri mtumaji anayekaa kimya unashuka kutoka sekunde 300 hadi 10. Viwashe na uviangalie kwenye logi mara kwa mara.

Barua za ndani zinastahili muda zaidi, maana ndizo zinazoumiza bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Oktoba 14, 1997, mfanyakazi mmoja wa Microsoft aligundua kwamba jina lake limo kwenye orodha iitwayo Bedlam DL3, ambayo hakuwahi kuisikia. Akaiandikia orodha hiyo akiomba aondolewe. Orodha ilikuwa na anwani kama 13,000. Wengine wakajibu kwa wote kwamba nao waondolewe. Wengine wakajibu kwa wote wakiwasihi wenzao waache kujibu kwa wote. Makadirio ni barua milioni 15 na gigabaiti 195 za data, mwaka ambao kompyuta mpya ya ofisini ilikuwa na diski ya gigabaiti chache tu. Miaka 19 baadaye, Novemba 14, 2016, barua ya majaribio katika mfumo wa huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilifika kwa mamia ya maelfu ya watumishi, wakajibu kwa wote, na mfumo ukaelemewa saa za kazi, wakati madaktari wakiuhitaji.

Hakuna mfanyakazi wa kulaumiwa katika visa hivyo viwili. Kosa ni la aliyeunda orodha ya maelfu ya watu na kumruhusu kila mmoja wao aiandikie. Orodha kubwa iwe na waandishi wachache wanaojulikana kwa majina, na barua ya mtu mwingine yeyote kwenda huko ikataliwe kwa 5 hapo hapo. Ni mpangilio wa mistari michache.

Mifumo ya taasisi yenyewe, ya mishahara, ya matokeo, ya tahadhari, ipewe njia yake. Isiingilie pale wanapoingilia watu. Simika Postfix ya pili kwenye mashine ileile, yenye foleni yake na active yake ya 20,000, iwe inapokea mikupuo ya ndani na kuiachia kwa kasi unayoitaka wewe, barua 2 au 3 kwa sekunde. Foleni hiyo ikifika 60,000 hakuna atakayejua, kwa sababu daktari na mhasibu hawapiti humo. Nasisitiza foleni ya pili kamili: kuipunguzia kasi njia moja ndani ya Postfix ileile hakutoshi, kwani barua zilizopunguzwa kasi bado zinakalia nafasi za active.

Wakubwa wameshaweka masharti. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawadai watumaji wa mikupuo, ambao kwa Gmail ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku, wathibitishe vikoa vyao kwa SPF, DKIM na DMARC, waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na malalamiko dhidi yao yawe chini ya asilimia 0.3. Chuo au hospitali ya wilaya haina nguvu za Google, lakini haki ya anayepokea kuweka masharti ni ileile, imo katika itifaki tangu 1982, na haihitaji kibali cha mtu.

Kama wewe ndiye unayetuma, uko idara ya mawasiliano au ya rasilimali watu, mpigie simu anayesimamia seva siku moja kabla. Mwambie idadi ya barua, saa, na anwani zitakakotokea. Na usiambatanishe faili la megabaiti 5 kwa watu 4,000. Hizo ni gigabaiti 20. Liweke mahali pamoja, tuma kiungo.

Kama wewe ndiye unayesimamia seva, fungua mipangilio yako leo uangalie vitu viwili. smtpd_client_message_rate_limit, kikomo cha barua ambazo mteja mmoja anaweza kuingiza kwa dakika, kwenye Postfix isiyoguswa ni 0, na 0 hapo maana yake hakuna kikomo. Ukishakiweka, angalia smtpd_client_event_limit_exceptions, orodha ya wasiohusika na kikomo hicho. Postfix isiyoguswa huijaza kwa mitandao yote uliyoiambia iiamini, ambako mara nyingi ndiko uliko mfumo wa mishahara.